Makaburi Niliyompakia Mkwe Rangi ya Kahawia

Jamani, hii huwa siisimulii, na mkitaka kunicheka nichekeni mara moja yaishe: mimi ndiye niliyempelekea baba mkwe makaburi mpaka mlangoni, mbele ya umati, na mwenyewe yu hai, mzima, anavuta kiko.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mchora ramani ofisi ya mipango miji, hapa hapa Shinyanga, tunaandaa mpango kabambe wa mji wa miaka ishirini (viwanda wapi, shule wapi, wafu wetu tuwazike wapi), na kila mahali ilibidi mtu aende kwa miguu aone kuna nini ndipo tupake rangi. Nikapangiwa upande wa barabara ya Kolandoto. Sasa huko ndiko kwao Kabula, mchumba wangu, mahari imeshakubaliwa, zimebaki wiki tatu nipeleke ng'ombe, na kwetu Wasukuma anayeoa hakutani na mama mkwe ovyo ovyo vichakani. Nikimkuta amejitwisha kuni nitajificha wapi? Asubuhi nzima nikawa nakaa, nasimama, nakaa, nasimama, mwisho nikasema potelea mbali, nikachukua picha zilizopigwa na ndege, nikatazama: hakuna nyumba, hakuna shamba, pori tu. Nikapaka kahawia. Kahawia ni makaburi.

Siku ya kuwaonyesha wananchi ramani, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bosi akanisifu, "Kijana huyu amekanyaga eneo lote kwa miguu yake," akanipa fimbo nieleze. Nikaeleza mbio mbio, maana Mzee Masanja, baba yake Kabula, nilishamwona mstari wa mbele. Nilipogusa kahawia akasimama.

"Shikamoo mzee," nikawahi.

"Marahaba. Hapo, baba, ulifika?"

Si ningesema sikufika? Mimi huyo: "Nilifika mzee, juzi tu."

"Ukaona nini?"

"Pori tupu, mzee. Halina mwenyewe."

"Basi hukufika. Hiyo ni ngitili yangu, nimeifunga tangu masika mifugo isiguse, nyasi zinisaidie kiangazi. Na ng'ombe wa mahari utakaoniletea nilitaka wale hapo. Sasa watakula misalaba?"

Mayu wane, mama yangu! Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Huko nyuma mama yake Kabula naye akasimama aone, nami kwa heshima (na kwa woga, niseme kweli) nikageuka haraka kumpa mgongo, nikajishika kwenye ramani, misumari ikang'oka, ramani nzima ikanifunika. Sikutoka. Nilikaa humo humo chini ya mji wa miaka ishirini ijayo, natokwa jasho, namsikia bosi akiomba radhi na mzee akimjibu taratibu, "Sina ugomvi. Binti yangu atatoka siku rangi hiyo itakapofutwa."

Nikadhani ni kazi ya wiki moja. Kumbe mpango ukishaanza safari haurudishwi kwa mkono! Ukaenda kamatini, ukaenda mkoani, ukaenda Dar es Salaam, na kila siku mimi mlangoni kwa karani, "Umerudi?" "Bado." Nikatuma wazee wangu wakaombe msamaha, wakarudi na jibu lile lile. Usingizi hauji, chakula hakishuki, viangazi viwili vikapita.

Uliporudi na kibali cha kubadili rangi, nikapaka mwenyewe kijani, rangi ya malisho, sikungoja ikauke vizuri, nikapanda baiskeli na ramani kwapani mpaka kwa mzee. Akaitandaza chini, akaitazama sana, akaridhika.

"Sasa umeipatia, baba."

"Na Kabula, mzee?"

Akakunja ramani pole pole. "Kabula ameolewa Didia, na mwalimu, baada ya mavuno. Ramani inaweza kungoja, baba. Binti hangoji." Akanionyesha ng'ombe wa yule mwalimu, wako ndani ya ngitili wanakula. Niliumia, wenzangu, niliumia vibaya, na baiskeli nikaisukuma mpaka mjini kwa kushindwa kuipanda.

Tangu siku ile sipaki rangi mahali sijapakanyaga, hata mama mkwe awe amekaa katikati ya njia. Nitamwambia shikamoo mama, nisamehe, naomba nipite, niko kazini.