Shamba Lililohamia Ng'ambo

Mama yao alipofariki, Tusajigwe alirithi shamba la mpunga la Katumba Songwe, ukingoni kabisa mwa mto. Mdogo wake, Kisa, hakudai kitu. Alikuwa ameshaolewa ng'ambo, upande wa Malawi, ambako wakwe zake walimpa kipande cha mchanga mtupu. Miaka ile Tusajigwe alimhurumia. Kila mavuno alimvushia mchele kwa mtumbwi.

Kisha mto Songwe ukazidi kujipinda. Kila masika maji yaligonga upande wa Tusajigwe, yakachimba ukingo kwa chini hadi udongo wa juu ukakosa pa kukalia, ukaporomoka. Kwanza ilikwenda migomba. Mwaka wa tatu ikawa nusu ya shamba. Ng'ambo, ambako maji yalipita taratibu, tope jeusi lilitua juu ya mchanga, tabaka juu ya tabaka, na Kisa akaanza kupanda mpunga.

Sasa mchele ulivushwa kutoka kwa Kisa. Tusajigwe aliupokea, akashukuru, "Ndaga."

"Anakula shamba langu, halafu ananigawia," alimwambia mumewe, Anyitike.

"Penye kona maji hukimbilia upande wa nje," Anyitike alijibu. "Ndiko tuliko sisi."

"Na kwa nini isiwe yeye?"



Jumapili moja ya kiangazi, akijua Kisa yuko kanisani, Tusajigwe alivuka na panga. Kisa alikuwa amepanda matete kando ya mto ili yanase tope. Tusajigwe alikuwa ameyafyeka hatua kama kumi aliposikia salamu nyuma yake.

"Ugonile, dada."

Kisa alikuwa amesharudi, amesimama pale na kitenge chake cha ibada.

"Nakata ya kuezekea," Tusajigwe alisema.

"Mabichi hivi?"

Kisa hakugomba. Alimpeleka kwenye shimo la choo walilokuwa wakichimba. Ukutani mwake udongo ulijipanga: mweusi juu, kisha mchanga wenye vijiwe vya mviringo, kisha mweusi tena.

"Huo wa chini uliwahi kulimwa," alisema. "Mto ukaja, ukapita hapa, ukaacha vijiwe hivyo, ukaondoka. Hili langu nalo litakwenda."

"Lini?" Tusajigwe aliuliza, haraka mno.

"Kumbe ndivyo unavyoniombea."

Tusajigwe aliinamisha macho. Kisa alichukua jembe, akang'oa mashina ya matete yaliyofyekwa, akayarundika katika mtumbwi wa dada yake. Tusajigwe aliyapanda kwenye ukingo wake jioni ileile. Masika yalipokuja, mengine yalizolewa, mengine yakashika, na ukingo ukapungua hatua mbili badala ya sita za mwaka uliotangulia.

Mwaka ule Kisa hakuvusha mchele. Uliofuata, Tusajigwe alivuka mwenyewe na mundu, bila kuitwa, akamkuta Kisa akivuna.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

Kisa alimwonyesha kwa kidevu. Walivuna kutwa nzima, mmoja huku, mwingine kule. Masuke yalikuwa mazito, na kila Tusajigwe aliposhika konzi, alikumbuka shamba lake lililozolewa. Akakata, akaweka chini, akashika jingine.