Nilivyojifunza kuelea kwenye ndiva, mpaka maji yakaisha nikiwa bado naelea

Wakuu, poleni na mihangaiko. Walio kazini, walio kitandani, na nyie mnaosoma nyuzi za watu kimyakimya bila kuacha hata like, wote nawasalimu.

Hii habari imenitokea mimi mwenyewe, siyo "rafiki yangu mmoja". Sina faida ya kuongeza chumvi, maana yenyewe inanidhalilisha. Na mama yangu yupo hai, alikuwa anaangalia mwanzo mwisho.

Mimi ni KE, muuguzi, mzaliwa wa Usambara upande wa Mgwashi. Kwa wasiokujua, huko ni milima, kabichi, karoti, na ukungu unaoingia mpaka jikoni.

Maji tunayo, lakini ni ya kuteka na kumwagilia. Mtu wa kwetu yakimfika magotini anaanza kutamka shahada kama mtu wa kufa.

Sasa mkeka wa ajira ukatoka. Nilikuwa nimesota nyumbani tangu nimalize chuo, nalima karoti, cheti kimelala kabatini. Nafungua simu, jina langu lipo! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Halafu nikasoma kituo nilichopangiwa. Kisiwani, Ziwa Victoria.

Mama alikuwa anakatakata mboga. Akaniuliza, "Huko mnafikaje?"

Nikamwambia kwa boti.

"Na mgonjwa akizidiwa?"

Kwa boti vilevile, mama.

Akaweka kisu chini. "Basi huendi."

Wakuu, mama yangu siyo mtu wa makelele. Akisema hivyo kwa sauti ya chini, ujue imeisha. Nililia, nikasusa kula, nikamtumia wajomba. Wajomba wakaja, wakanywa chai, wakaondoka.

Mwishowe akatoa sharti. Akasema, "Radhi nitakupa siku nitakayokuona kwa macho yangu umelala juu ya maji na hujashikwa na mtu."

Najua kuna watakaosema "ungeondoka tu, wewe ni mtu mzima". Mkuu, ondoka wewe. Mimi bila radhi ya mama sipandi hata bodaboda, sembuse boti. Na tarehe ya kuripoti ilikuwa inakuja, ukichelewa nafasi wanampa mwingine.

Hapo ndipo akaingia shangazi yangu, Mwanahamisi, dada yake marehemu baba. Aliolewa Pangani, kakaa huko nusu ya maisha yake, karudi milimani na mwili mkubwa, maneno mengi na ujuzi wa kuogelea. Akasema, "Nileteeni huyo."

Swali likawa wapi. Lushoto mjini kuna hoteli zina mabwawa, lakini shangazi alisema hawezi kulowa mbele ya wazungu. Tukabaki na ndiva ya kijiji.

Ndiva ni bwawa la kumwagilia. Maji ya kijito yanaingia, yanajaa, kisha koki inafunguliwa yanashuka kwenye mifereji ya mashamba kwa zamu. Kwetu wazee walishapanga: Jumapili maji ni ya Waislamu kwa sababu Wakristo wako kanisani, Ijumaa ni ya Wakristo kwa sababu sisi tuko msikitini. Hakuna anayegombana.

Kwa hiyo Ijumaa koki inafungwa tangu asubuhi, ndiva inajaa, na alasiri anakuja Mzee Elia, Mlutheri jirani yetu, anafungua kwa ajili ya kabichi zake. Hapo katikati, mchana wa swala, hakuna mwanaume anayepita. Ndiva ilikuwa ya kwetu. Msimamizi wa maji alituruhusu kwa masharti mawili tu, tusiingie na sabuni na tusisogelee upande wa koki.

Ijumaa ya kwanza nilivaa traki, fulana ya mikono mirefu na kilemba nimekikaza. Nikaingia mpaka kiunoni. Jamani, yale maji yanatoka msituni! Pumzi ilikata, meno yakaanza kugongana, nikamtukana aliyenipangia kisiwani.

Shangazi akajifunga khanga vizuri, akajilaza. Akaelea.

Nilimwangalia nikasahau baridi. Huyu mama akikaa kwenye benchi letu la barazani benchi linalia. Lakini maji yalimbeba bila hata kulalamika, yeye katulia tu anaangalia juu, vidole vya miguu vimechomoza. Nilipata kama woga fulani wa ibada. Nilijiuliza haya maji tunayoyabeba kila siku, kumbe na yenyewe yanabeba?

Zamu yangu ikafika. Nikalala, nikazama. Nikalala tena, nikanywa maji ya kabichi za watu.

Shida ilikuwa shingo. Mimi tangu mdogo nabeba kichwani, ndoo, kuni, matenga ya karoti kupanda mlima. Shingo yangu haijui kulegea. Kila nikilazwa kichwa kinasimama chenyewe, na kichwa kikisimama miguu inazama.

Shangazi akanifokea, "Wewe! Umebeba nini hapo kichwani? Tua!"

"Sijabeba kitu shangazi."

"Umebeba. Tua."

Ijumaa zikapita hivyo hivyo. Mama anakaa ukingoni na tasbihi yake, haongei, haondoki. Nikitoka ananipa khanga kavu na chai ya tangawizi ya kwenye chupa. Usoni huwezi kujua anaombea nielee au nizidi kushindwa nibaki nyumbani. Hilo lilikuwa linaniumiza kuliko baridi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Wiki inayofuata natakiwa kuripoti. Begi nilishalipanga, nimelificha uvunguni ili mama asilione.

Shangazi alinipeleka upande wa mbali na koki, akasimama katikati yangu na huko. Akaweka kiganja chake chini ya kisogo changu. Akaniambia taratibu, siyo kwa kufoka kama siku zote, "Mwanangu, kichwa hiki nipe mimi. Umekibeba siku nyingi."

Sijui ni ule upole au ni uchovu. Nikampa.

Wakuu, sijui nielezeje. Masikio yaliingia majini na dunia ikanyamaza. Ukungu ulikuwa umepasuka juu yetu, naona kipande cha mbingu na milima imekizunguka pande zote. Mikono ikafunguka yenyewe, macho yakajifumba. Sikujua saa ngapi kiganja cha shangazi kiliondoka.

Na nikausikia moyo wangu. Mimi nimesikiliza mioyo ya wagonjwa kibao wakati wa mafunzo, lakini wangu sikuwahi kukaa nikausikiliza. Unapiga tu, wala sikuuambia. Nilisema subhanallah kimoyomoyo na machozi yakanitoka, yakaenda kuchanganyika na ya ndiva.

Sasa kumbe huku nje kuna mambo.

Miche ya Mzee Elia ilikuwa inanyauka, siku hiyo akaamua kuwahi. Koki iko nje, chini ya ukuta, na mtu akiwa pale haoni ndani. Mzee wa watu akafungua.

Mama ndiye aliyeona kwanza, ukuta umeanza kubaki na mstari wa unyevu. Akasimama. Akaniita. Akaita tena kwa nguvu, akahamia kwenye Kishambaa, akaita jina langu la utotoni. Shangazi akamwonyesha kwa mkono anyamaze, asinishtue.

Mimi sisikii chochote. Naelea.

Maji yakashuka na mimi nikashuka nayo, taratibu, mpaka mgongo ukagusa tope.

Nikajua nimezama! Nikasema basi, ndiyo chini hapa, mbona kufa hakuumi? Nikafumbua macho, mbingu ile ile. Nikapapasa pembeni, maji hakuna. Tope tupu.

Na juu ya ukuta kasimama Mzee Elia na jembe lake, mdomo wazi. "Yesu wangu! Huyu mtu katoka wapi?"

Nikiwa nimelala vile vile nikamwambia, "Shikamoo babu."

"Marahaba," akajibu kwa kuzoea tu, kisha akageuza uso upande wa mashamba, akaomba radhi mpaka shangazi akakaa chini kwa kicheko.

Mama hakucheka. Alishuka ndani ya ndiva na viatu vyake, tope mpaka kwenye vifundo, yeye ambaye hata kunawa miguu anainama kwa mbali. Akanifunika khanga. Akaniuliza, "Nilikuwa nakuita. Ulikuwa unasikia nini?"

Nikamwambia, "Moyo wangu, mama."

Akanifuta tope shingoni.

Kisha akasema, "Begi lako uvunguni linaingia vumbi. Litoe."

Wakuu, naandika haya nikiwa kisiwani, kituo cha afya, zamu imetulia. Siku nimeliona hili ziwa kwa mara ya kwanza nilitafuta ukuta wa upande wa pili kwa macho, nikaukosa. Boti likiyumba naogopa kama kila mtu. Lakini shingo nailegeza.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nakazana na kitu kilichotaka kunibeba tangu siku ya kwanza. Kama kuna mtu mzima humu anaona haya kuanza, aanze, ila atafute wa kumshika na asiende peke yake.

Shangazi kanipigia juzi. Anasema Ijumaa mama anatoroka kwenda ndiva, anaingia mpaka kiunoni na dera lake, anashikwa kichwa, anatia masikio majini. Kuelea bado. Mama kamwambia shangazi kwamba hana haja ya kuelea, anataka tu kusikia alichosikia mtoto wake.

Mama mwenyewe hajaniambia, na mimi sijamuuliza.

Haya, na nyie mliojifunzia ukubwani semeni, nani aliwashika kichwa?