Vipande Kumi vya Shaba

"Hivi jirani, mtu mzima na akili zako, unamshukuruje Mungu kwa ajili ya takataka?"

Aliyeuliza alikuwa mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke aliyezoea kubana pini midomoni, hata maneno yake nayo hutoka yakichoma kidogo. Alikuwa amemsikia jirani yake alfajiri, kupitia ukuta mwembamba, akitaja katika sala vitu ambavyo watu hawavitaji mbele za Mungu: mkanda, glavu, mapipa, na "ule mlima wa nyuma ya kiwanda".

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Takataka gani, mwenzangu? Wewe hujaiona."

Jirani huyu kiwandani walimwita Sumaku, kwa sababu kitu cha thamani kikipita mbele yake hakifiki mbali. Jina lenyewe lilikuwa na kasoro, maana sumaku ya kweli hushika chuma tu. Shaba huipita kama watu waliogombana. Wifi yake, aliyesimama naye meza moja wakitazamana, hakuacha kumtania.

"Hata sumaku ina kinachoishinda," alikuwa akisema. "Wewe kimekushinda nini, zaidi ya kumnyamazisha kaka yangu akianza kukoroma?"

"Kaka yako hakoromi, wifi. Anasaga vyuma."

Kiwanda chao kilinunua vyuma chakavu: majokofu mabovu, mota zilizoungua, mashine za kufulia, vipande vya magari. Mtambo mkubwa ulivisaga vyote pamoja. Kisha sumaku ya mtambo ikavuta chuma, feni ikapeperusha sponji na plastiki nyepesi, na kilichobaki kikashuka juu ya mkanda wa mpira, mbele ya wanawake sita. Walisimama watatu huku, watatu kule, wakiokota kwa mikono. Alumini pipa hili, shaba ya njano pipa lile, na shaba nyekundu, ambayo ndiyo mboni ya jicho la kiwanda, pipa la katikati. Kilichowapita kiliangukia nyuma, kikawa mlima, na lori likaja kuuzoa kwenda kufukiwa.

Sumaku alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alumini aliijua kwa wepesi wake kiganjani. Chuma kisichoshika kutu alikijua kwa mlio wake kikigonga ukingo wa meza. Waya wa shaba, hata uwe umejaa masizi, aliujua kwa jinsi unavyopinda bila kugoma. Kila asubuhi, kabla mkanda haujawashwa, aliweka viganja juu ya mpira wake wa baridi akasema maneno machache ya shukrani. Kwenye meza hiyo alisomesha watoto watatu. Kwenye meza hiyo alipata ndugu watano ambao hakuzaliwa nao, mmoja wao ndiye aliyekuja kumwozesha kwa kaka yake.

Ndipo bei ya shaba ikapanda. Ilipanda kwa namna ambayo hata watoto wa mitaani walijua, wakawa wanaokota nyaya hadi kwenye mifereji. Malori yakaanza kupanga foleni getini kuleta mzigo. Msimamizi wao, mwanamume mpole ambaye kazi ikizidi hukosa usingizi, akaenda kwenye swichi akauongeza mkanda mwendo.

"Bei imepanda, mama zangu," akasema. "Na mkanda nao upande."

"Panda nao wewe," wifi akamjibu. "Sisi miguu yetu iko chini."

Zamani mzigo ulipita mkandani ukiwa na unene wa kidole kimoja. Sasa ulipita vidole viwili, tena unakimbia. Waliokota kwa pupa, jasho likiwaingia machoni. Mapipa yalijaa mapema kuliko kawaida, na kwa wiki mbili kila mtu akaona mambo yamenyooka.

Wiki ya tatu mwenye kiwanda alishangaa. Mzigo unaoingia umezidi mara mbili, shaba inayotoka imeongezeka kidogo tu. Inakwenda wapi? Akashika ndoo, akaenda mwenyewe nyuma kwenye mlima, akachota, akaimwaga sakafuni. Shaba ikamng'aria.

Alikuja mezani na kiganja kimejaa. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Mama zangu, hii imepita mbele yenu. Siwalaumu. Macho yamechoka. Mwisho wa mwezi nitaleta wengine, wenye macho mapya."

Wote sita walitazama kile kiganja.

Sumaku alirudi nyumbani akiwa mzito. Kufukuzwa kulimuuma, lakini kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi: alikuwa anajua kwamba siku hizi akisoma karatasi huisogeza mbali na uso. Itakuwaje kama bosi amesema kweli? Usiku huo aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. "Mungu wangu, nionyeshe kosa langu liko wapi."

Asubuhi akamgeukia wifi yake. "Ile rangi yako ya kucha unayo?"

"Heh! Tunafukuzwa, ndiyo umekumbuka kujipamba? Au kaka yangu ana mgeni sina habari?"

"Niletee, wewe mwanamke."

Alichagua vipande kumi vya shaba, vikubwa na vidogo. Kila kimoja akakitia nukta ya rangi ya zambarau upande wa chini, ndogo kama punje ya mtama, isije ikawasaidia waokotaji kuviona. Akampa fundi umeme, ambaye hukaa kule juu mkanda unakoanzia. "Vitie kimoja kimoja kwenye mzigo, muda unaotaka wewe. Usituambie." Fundi akavitia mfukoni, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa siri ya harusi.

Jioni walipindua pipa la shaba juu ya gunia wakatafuta zile nukta. Walipata vipande vinne.

Wifi akavihesabu tena, kimoja kimoja. Sumaku akakaa juu ya ndoo. "Basi ni kweli," akasema. "Sita vimetupita. Macho yetu yamekwisha."

"Subiri kwanza," wifi akasema. "Hayo macho ni ya mwezi huu tu? Mbona mwezi uliopita hayakuwa yamekwisha? Tujaribu kwa mwendo ule wa zamani."

Sumaku akamtazama kama vile anamwona kwa mara ya kwanza. Wakaenda wote wawili kwa msimamizi. Alikunja uso. Bosi akiona mkanda unatambaa wakati malori yamejaa getini, nani atajibu?

"Saa moja tu, mwanangu," Sumaku akamwambia. "Tukishindwa, nitakwenda mwenyewe kwa bosi nimwambie amesema kweli, tuondoke bila maneno."

Msimamizi aliangalia swichi kwa muda. Kisha akairudisha palepale pa zamani.

Kwa saa hiyo moja walipata vipande tisa kati ya kumi.

Wifi alirukaruka na buti zake. Lakini Sumaku hakutosheka. Kile cha kumi kiko wapi? Akaenda nyuma na karai, akapekua mzigo wa saa hiyo mpaka akakipata: kiwaya cha urefu wa kidole, kimejibana chini ya bapa la mpira. "Kubwa limefunika dogo," akasema. "Hapa hata malaika asingekiona."

Basi fundi umeme akatoa rafu za waya za majokofu yaliyokufa, akaziunga kwa moto, zikawa chekeche pana mbele ya mkanda. Asubuhi yakapita mapande makubwa peke yake, mchana yakapita madogo peke yake, yametandazwa kwa unene wa kidole kimoja kama mtu anayeanika nafaka. Walijaribu mara tatu. Mara mbili walipata vyote kumi, mara moja tisa.

Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita bosi. Alisema mbele yake, "Kosa lilikuwa la mkono wangu kwenye swichi." Maneno hayo Sumaku aliyaweka katika sala zake, akimshukuru Mungu kwa mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya watu aliowakosea.

Bosi alisimama pembeni nusu siku, mikono nyuma, akitazama. Jioni wakapindua pipa. Sumaku akahesabu, akahesabu tena, akacheka.

"Bosi, sisi tuliweka kumi. Hapa tuna kumi na mbili. Hivi viwili vina nukta ya bluu, kama ya kalamu."

Bosi akashika mfuko wa shati lake, pale kalamu ilipokuwa, na wote wakaangua kicheko. "Nilitaka kuwakamata," akasema, "mmenikamata ninyi. Macho yaliyochoka yalikuwa yangu."

Kuanzia siku hiyo mkanda ulibaki kwenye mwendo wake wa zamani, na fundi akafunga mkanda wa pili kwa ajili ya mzigo uliozidi. Ule mlima wa nyuma, sehemu ambayo lori lilikuwa halijaizoa, ulirudishwa wote ukapita kwenye chekeche, na shaba ikatoka humo ndoo baada ya ndoo. Wanawake wote sita walibaki mezani.

Mwisho wa mwezi, siku ileile waliyokuwa wafukuzwe, bosi aliwakusanya.

"Sumaku, nimeambiwa wewe ndiye uliyeanza. Sema unataka nini."

Wifi akambonyeza kwa kiwiko. "Sema viti. Sema glavu mpya. Sema chochote, mdomo huo si wa kulia chakula tu!"

Sumaku akavua glavu, moja baada ya nyingine, akazishika mkononi.

"Bosi, tunakushukuru kwa kutubakisha. Naomba jambo moja. Bei ikipanda tena, au ikishuka, tuulize sisi kabla hujaugusa mkanda."