Mgongo Uliokataa Mbeleko

Mgongo ni kiungo kisicho na adabu. Mguu ukiuma unachechemea na watu wanakupisha. Mgongo unakutesa umevaa gauni safi, uso mkavu, na kila anayekuona anasema umependeza. Hilo nililijua nikiwa mwanamke kijana, na mtoto wa kwanza mikononi, katika kijiji cha ujamaa upande wa Chole, Kisarawe.

Arobaini ya uzazi ilikuwa imepita zamani, lakini mkaja nilikuwa nao bado. Mkaja ni ile nguo anayofungwa mzazi tumboni akishajifungua ili tumbo lirudi, na aliyenifunga ni mama mkwe, mtu asiyejua kufunga kidogo. "Ukiufungua mapema," aliniambia, "tumbo litabaki kama kiroba, na mwanangu ataanza kuangalia huku na huku." Nikakaa nao mwezi juu ya mwezi, nimenyooka kama askari, na watu wakanisifu.

Siku ya zamu yetu kwenye shamba la kijiji tuling'oa muhogo. Muhogo wa kiangazi haung'oki, unabishana nawe. Niliinama miguu ikiwa imenyooka, kama walivyoinama mama zetu wote, maana mwanamke akichuchumaa shambani ataulizwa ametaga mayai mangapi. Nikavuta. Kitu kikaniachia kiunoni, nikabaki nimeinama vilevile na shina mkononi, siendi mbele wala sirudi nyuma. Wenzangu walicheka kwanza, kisha wakaniona machozi.

Jioni ile nilijaribu kumbeba binti yangu kwa mbeleko, nikashindwa hata kumpandisha mgongoni. Mama mkwe akamchukua, akamfunga mgongoni kwake mara moja tu, akatoka naye uani. "Twende zetu, mke mwenzangu," alimwambia. Nilidhani ni kwa siku ile tu.

Siku zikawa nyingi. Mganga wa zahanati alisema nilale, nikalala kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea katikati. Mama mkwe akaukaza mkaja zaidi. Majirani nao, kila mmoja na dawa yake: huyu anichue kwa mafuta ya nazi na kitunguu saumu, yule aniumike kwa pembe, wa tatu ataka mtoto anikanyage. Nikachuliwa, nikaumikwa, nikakanyagwa, na kila nilivyozidi kulala ndivyo nilivyozidi kunyong'onyea. Uani nilimsikia mwanangu akicheka mgongoni kwa mtu mwingine. Nilikuwa na wivu, na sioni haya kuusema. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kumbeba mtoto wangu kabla hajapita umri wa kubebwa.

Kama hiyo haikutosha, nikasemwa kwenye mkutano wa kijiji kwa kukosa zamu za shamba. "Mgonjwa anajulikana, jamani," alisema mwenyekiti. "Mama huyu ana homa? Hana. Ana kidonda? Hana. Mtazameni, amenyooka kuliko mimi. Kijiji hiki hakifugi kupe." Kupe! Neno la mabepari na wanyonyaji, tulilolisikia redioni kila siku, leo naitwa mimi nisiyeweza kuokota kijiko. Nililia kwa hasira mpaka nikapata kwikwi. Mume wangu ni mtu mpole mpaka anakera. Kesho yake akanipakia lori la kwenda Kisarawe mjini, tukapanda basi la Dar, kisha jingine hadi Kibaha. Tulifikia mtaa wa Tangini kwa dada yangu, na asubuhi tukaenda hospitali.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mmoja mnene, mwenye haraka. Ukutani kwake palikuwa na picha ya mtu aliyechunwa ngozi, amewapa watu kisogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Simama hapa, tazama." Akaniwekea kidole kwenye picha na kingine mgongoni kwangu, ili nijue nilichobeba. Juu kabisa kuna msuli mpana, umetoka kisogoni, ukatanda mabegani na kushuka katikati ya mgongo, kama khanga iliyokunjwa pembetatu. Huo ndio unaoinua mabega. Chini yake kuna mwingine, umeanzia kiunoni na kupanda ubavuni hadi kwapani. Huo ndio unaovuta mkono unapoteka maji au kung'oa muhogo. Ukiiondoa hiyo, ndani utakuta misuli mirefu imesimama pande mbili za uti wa mgongo. Hiyo ndiyo inayokusimamisha, na ukiinama inakushusha taratibu.

"Sasa ukining'inia umeinama hadi mwisho," alisema, "hiyo mirefu inalala, uzito wote unaziachia kano. Ukivuta kwa nguvu ukiwa hivyo, unaikurupusha. Ndicho kilichokupata." Akanipapasa tumbo, akakutana na mkaja. "Nani kakufunga hivi?"

"Mama mkwe."

"Mpe salamu zangu. Tumbo nalo lina misuli, ndiyo inayoushika mgongo kwa mbele. Nguo imefanya kazi yake mpaka imesahau. Na kulala basi, nitakuonyesha mazoezi."

Nyama zote zile mgongoni, tabaka juu ya tabaka, na hakuna hata moja iliyonitetea mkutanoni! Nilirudi Chole nimekasirika, na mazoezi yangu kichwani. Nilitandika mkeka, nikapiga magoti na viganja chini, nikanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, nikitetemeka. Mama mkwe akasimama mlangoni. "Haya maombi gani? Na kibla umekiacha wapi?" Mkaja niliokuwa nimeuvua aliukunja, akauweka sandukuni bila kunitazama, na kwa siku kadhaa tulisalimiana tu.

Mwili hauna haraka. Mvua zilikuja zikaondoka, na mimi bado mkekani. Hatimaye asubuhi moja nilinyanyua ndoo ya maji kwa kukunja magoti, nikasimama, na mgongo ukanyamaza. Nilikimbilia mbeleko. Nikachuchumaa uani, nikamwita binti yangu. Alikuwa ameshajua kutembea. Alinitazama, akanizunguka, akaenda kumgonga bibi yake mgongoni ili ambebe.

Mama mkwe alimtazama mtoto, akanitazama mimi na mbeleko yangu. Kisha akajishika kiuno, akakunja uso. "Leo siwezi, mke mwenzangu. Mgongo unaniuma."

Hakuwa na maumivu yoyote. Alikuwa ametoka kutwanga muda ule ule. Nilimwinua mtoto, nikamfunga kwa nguvu, nikashika njia ya kisimani. Alilia akimwita bibi yake njia nzima, akinipiga ngumi mabegani, nami sikumshusha.