Mgomba wa Mugisho

Nilipokuwa mtoto kule Nyantende, kila mmoja wetu nyumbani alikuwa na mgomba wake. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, Koko, yaani mama wa baba yangu, alikizika chini ya mgomba: cha msichana chini ya mgomba wa ndizi za kupika, cha mvulana chini ya mgomba wa ndizi za pombe. Tulikuwa wawili tu, kaka yangu Mugisho na mimi, na migomba yetu ilisimama ubavu kwa ubavu mwisho wa shamba. Wangu ulikuwa wa kushoto, ukitazama kutoka mlango wa jikoni. Mugisho alikuwa ameshakwenda Shabunda kuchimba dhahabu, na mama kila alipopita pale aliugusa mgomba wake kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Miaka hiyo watu wa Bukavu walianza kuja kwetu kutafuta viwanja. Walikuja Jumapili, wamevaa viatu vizuri, wakipima mashamba yetu kwa hatua. Baba alikuwa karani mjini na hakuwahi kupenda jembe. Alimuuzia mmoja wao ile sehemu ya mwisho wa shamba, na migomba yetu ilikuwa humo.

Koko hakugombana naye. Aliniita tu, tukawa tunachambua maharagwe.

"Furaha, bakikata mugomba wako mbele ya wewe kuondoa mutoto wake, utapoteza njia ya kwenu. Uondoe na mikono yako mwenyewe, upande pengine."

"Na ya Mugisho?"

"Mugisho iko mbali."

Baba alisikia, akiwa anavaa koti. "Maman, wacha kutisha mutoto. Njia ya nyumbani iko mu kichwa, haiko mu mugomba."

Nilitaka kumwamini baba, lakini niliogopa vibaya. Njia nilizozijua zilikuwa ya shule, ya kanisa na ya kisima, na zote zilirudi pale pale kwetu. Sikuweza kufikiria ningelala wapi kama ningeisahau hiyo moja.

Siku mafundi walipoanza kuchimba msingi, nilisubiri waende kula. Baba alikuwa ameketi karibu na jikoni, kwa hiyo nilichukua jembe nikazungukia upande wa barabara. Nikasimama mbele ya ile migomba miwili, nikachagua wa kushoto, nikaanza kuchimba mche uliochipuka shinani pake. Fundi mmoja alirudi mapema akanikuta.

"Weye, unatafuta nini mu fondasio yetu?"

"Mugomba wangu."

"Beba tu. Siye tunapanda matofali."

Nilipanda mche wangu nyuma ya jikoni. Jioni migomba yote miwili ilikuwa chini. Mama alilia kwa ajili ya ule wa Mugisho, kwa kuwa ilikuwa siku nyingi hatujasikia habari zake. Mimi nililala kwa raha, nasema ukweli.

Mche ulikua, ukazaa. Mama ndiye aliyeuona mkungu kwanza, akaita watu kwa sauti ambayo sikuijua. Ndizi zilikuwa fupi, nene, zimebanana. Zilikuwa ndizi za pombe. Koko aliuzunguka mgomba polepole, akanitazama.

"Ya Mugisho njo umeokoa. Yako iko chini ya saloni ya ule papa mwenye alinunua shamba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kushoto kwa anayetoka jikoni ni kulia kwa anayetoka barabarani. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi nililia tu, nikamuuliza Koko dawa yake ni nini.

"Dawa haiko," alisema. "Utakuwa unauliza njia."

Mkungu ule ulikuwa haujaiva Mugisho alipoingia uani, amekonda, mikono mitupu. Koko alisema ni mgomba uliomrudisha. Baba alisema ni njaa. Walibishana hivyo mpaka Koko akafa, na baba naye akafa bila kubadili neno.

Mimi nilisoma, nikaolewa, nikapata kazi Kisangani, na miaka mingi ikapita bila kurudi. Sikuwa naufikiria mgomba wowote. Mwaka huu nilirudi. Kijana wa pikipiki alinishusha kwenye mzunguko wa barabara, mahali alipopaita rompwe, akaniambia ni Nyantende, nami nikamlipa nikiamini anajua. Kulikuwa na duka la dawa, nguzo za umeme, na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Njia niliyokuwa nayo kichwani ilikata kushoto kwenye shamba la maharagwe. Hapo pa kukata kushoto palikuwa na ukuta. Nilizunguka nikarudi kwenye geti lile lile jeusi, nikazunguka tena. Simu ya Mugisho ilikuwa imezimwa. Kwanza niliona aibu, kisha nikaogopa, na uoga ule niliutambua: ulikuwa ule ule wa siku nilipochambua maharagwe na Koko.

Msichana mmoja aliyebeba dumu la maji alisimama.

"Maman, umepotea?"

"Natafuta kwa papa Mugisho."

"Papa wa kasiksi? Fuata ile migomba."

Juu ya kuta, si mbali, majani ya migomba yalikuwa yanapepea. Hakukuwa na mingine mtaa mzima. Niliyafuata mpaka nikafika.

Mugisho alikuwa anakamua ndizi zake za kasiksi, ile pombe ya ndizi, nyuma ya jikoni, viwiko vyote vimejaa utomvu. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa chini. "Umepotea? Kwenu?" Sikucheka. Niliketi kwenye kigoda cha mama, nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea, nikaangalia nyumba ya jirani, ile iliyojengwa mahali pa migomba yetu. Dirisha la saloni, sebule yao, lilikuwa wazi, watu wanatazama mpira. Mara wakapiga kelele, bao limeingia, wakaruka na kukanyaga sakafu kwa furaha. Chini ya miguu yao kitovu changu kilikuwa hakijasogea hata kidogo.