Mkono wa Kushoto wa Katibu

Mchoraji kutoka Ng'ambo alikuwa hachori mtu peke yake, hata umhonge kuku. Brashi aliishika kwa ncha za vidole, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Ukutani mwa ofisi ya kijiji kipya cha Ujamaa aliwapanga wanakijiji bega kwa bega, mkono wa huyu shingoni mwa yule. Marcelina, aliyetenganishwa na dada yake siku waliposombwa na malori kuja hapa, aliomba kitu kimoja tu: dada awemo. Dada akachorwa, kati ya Marcelina na Katibu wa kijiji.

“Huyu si wetu, alipelekwa kijiji cha Choma. Futa!” Katibu akafoka. Marcelina akajishika mdomo.

“Haya, Ndugu Katibu,” mchoraji akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, akichovya brashi kwenye chokaa. “Ila umemkumbatia. Nikimfuta, mkono wako wa kushoto unaondoka naye.”

Katibu akautazama ule mkono: mnene, wenye saa ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo.

“Basi, mwache.”

Marcelina akausogelea ukuta, akampigia dada yake goti. “Shikamoo.”

“Marahaba,” akaitikia Katibu.