Msiba Usio na Watu

Juzi, kwenye makumbusho, nilikiona kinanda kama cha Bibi Margaret, kidogo kama sanduku la nguo, na papo hapo nikasikia harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi.

Bibi Margaret alikuwa Mwingereza mzee aliyeishi peke yake mtaa wa Harrow, huko Uingereza. Mama alikuwa akimhudumia, na siku za likizo alikwenda nami. Mchana mmoja Mama alikuwa jikoni akipiga pasi, na chumba cha pili Bibi alikuwa akipiga kinanda, kwa sauti ndogo hata saa ya ukutani iliishinda. Muziki ulipanda kwa hasira, ukakatika ghafla, kimya. Kisha ukarudi polepole, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia.

"Mama, kafa nani?"

"Hajafa mtu. Anapiga kinanda tu."

Sikumwamini. Wakubwa huwaficha watoto habari kama hizo. Kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na jamvi, wala kahawa, wala mtu mmoja aliyekuja kukaa naye.

Nikaingia. Kidole chake kilikuwa kikitetemeka juu ya kibao kimoja cha kinanda, na sauti ikitetemeka nacho. Sasa najua kwamba Wajerumani wa karne ya kumi na nane walitunga muziki wa namna hiyo, wa hasira na ukimya wa ghafla, makusudi, ili moyo wa msikilizaji ugeuke pamoja na muziki. Wakati ule nilimshika mkono tu, nikamwambia, "Pole, Bibi."

Mama alikuja mbio kuniombea radhi na kumweleza maana ya neno lile. Bibi hakucheka. Akaanza upya, na alipofika kwenye ule ukimya, akanigeukia, akangoja.

"Pole," nikasema, naye akaendelea.